Laini Inayokatika Saa Nane Kasorobo

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imefika leo, na mvua imefika nayo. Aliyeileta aliishusha ikiwa imeviringishwa nailoni, akanipa kalamu nisaini huku maji yakimchuruzika puani. Mume wangu akaibeba mpaka stoo. Stoo siku hizi ni ofisi yangu. Tumetoa magodoro ya zamani na baiskeli isiyo na tairi, na nimetundika shuka la kijivu ukutani nyuma ya kiti ili mikono yangu ionekane vizuri.

Daftari hili nimelianza kwa sababu kampuni imetaka niandike kila tatizo la mtandao, siku na saa. Najijua lakini. Nikishika kalamu kuandika saa, sitaishia kwenye saa.

Kazi yenyewe ni ukalimani wa lugha ya alama kwa video. Kiziwi anakaa na daktari wake hospitalini, mimi nakaa hapa stoo. Daktari anasema, mimi naonyesha kwa mikono. Mgonjwa anaonyesha, mimi nasema. Nilijifunza lugha hii kabla sijajua kusoma, kwa kaka yangu mkubwa ambaye ni kiziwi. Miaka ishirini nimezunguka hospitali kwa miguu, mpaka goti la kulia likagoma. Kazi hii ya kukaa nimeipata kwa majaribio mpaka mwisho wa Mei. Masharti ni mawili. Kompyuta iunganishwe kwa kebo, si kwa waifai. Na laini isikatike katikati ya kikao. Ikikatika mara tatu, tunaagana.

Jumanne, 4 Machi

Kebo imetoka kwenye ruta sebuleni, ikafuata ukuta wa korido, ikaingia stoo chini ya mlango. Imechomekwa huku na huku. Kwenye ruta kuna vitaa vinne vya kijani, kimoja kwa kila tundu. Cha kwetu hakiwaki.

Mume wangu alichomoa, akapuliza, akachomeka. Akahamia tundu la pili, la tatu, la nne. Akazima ruta, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Kiza.

"Upande wa kompyuta hakuna kosa," alisema. "Nimehamisha kila kitu kama kilivyokuwa kwenye ile ya zamani, mpaka namba zake."

Kesho anaondoka. Yeye ni mpima barabara, na mvua ikinyesha ndipo barabara zinapomwita.

Jumatano, 5 Machi

Kiza.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemwita fundi wa kona, yule wanayemwita Bwana Waya. Ni mtu wa maneno machache. Alikuja na mkoba mdogo, akatoa kifaa cha vipande viwili, akachomeka kipande kimoja sebuleni na kingine stoo. Kina taa nane, moja kwa kila uzi ulio ndani ya kebo. Tukazitazama zikiwaka kwa zamu: ya kwanza, ya pili, halafu ikaruka. Ya nne, ya tano, ikaruka tena. Ya saba, ya nane.

"Wa tatu na wa sita hazijafika," alisema.

Akakata kile kichwa cha plastiki cha upande wa sebuleni, akazipanga nyuzi upya kwa rangi zake kama mtu anayesuka nywele, akabana kichwa kipya. Tulipochomeka, kitaa cha kijani kikawaka palepale, kikaanza kupepesa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya. Nikamwekea chai na kumshukuru mara tatu, mpaka akaona aibu akaenda zake.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeng'oa mabati ya nyumba ya wifi yangu. Alipiga simu alfajiri, sauti yake tulivu kabisa, akasema anaogelea chumbani. Mume wangu, aliyekuwa amerudi jana tu kutoka kazini, alimfuata na gari la kazini. Wameingia jioni na masanduku mawili, mashine ya kushonea, na boksi la vitabu vya picha. Wifi ni mwalimu wa chekechea, na ni dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki. Kwa hiyo nyumbani kwangu yeye ni wifi na pia ni kama mama mkwe.

"Ni kwa wiki moja tu, wifi," aliniambia. "Wakishapiga bati nakuondokea."

"Nyumba ni yako, wifi," nikamjibu, na nilimaanisha.

Baada ya chakula aliomba neno la siri la mtandao. Nikamwandikia kwenye karatasi. Kompyuta nilikuwa nimeshaizima.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kwanza kazini. Asubuhi vikao vitatu vya mazoezi na msimamizi wangu, mama mmoja mwenye miwani minene ambaye namwona kifua na kichwa tu. Picha safi kama maji. Mchana, kwenye kikao cha nne, saa nane kasorobo akaganda mdomo wazi. Dakika kumi na mbili baadaye laini ikarudi yenyewe.

"Mazoezi hayahesabiwi," msimamizi alisema. "Lakini tafuta chanzo."

Nje mvua ilikuwa inapiga. Nimeandika: mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi bado. Imekatika saa nane kasoro dakika kumi. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Imekatika saa nane kasorobo. Jua linawaka.

Jumanne, 18 Machi

Wifi anaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anarudi saa saba na nusu watoto wake wakishachukuliwa. Akirudi anafagia. Sijamwomba. Nyumba yangu ina vumbi la kawaida la watu wawili wanaofanya kazi, lakini yeye akiona vumbi ni kama ameona nyoka. Leo nimetoka stoo nikamkuta koridoni ameinua kebo yangu kwa ufagio.

"Nairudisha, wifi, usiogope," alisema kwa ile sauti anayotumia kwa watoto wa miaka minne. "Nimeona inatambaa ovyo, nimeikunja vizuri."

Kweli ilikuwa imekunjwa vizuri. Nimeikunjua.

Alhamisi, 20 Machi

Leo wifi amechelewa. Kikao cha walimu, amerudi saa kumi. Leo laini haikukatika hata mara moja.

Naandika tu.

Jumanne, 25 Machi

Mara ya kwanza ya kuhesabiwa. Mzee mmoja wa kisukari alikuwa anaelezwa vipimo vya dawa. Saa nane kasoro dakika kumi na mbili, daktari akaganda akiwa ameinua vidole viwili. Nilikimbia koridoni na goti langu bovu. Kebo imelala pale pale ukutani, kitaa cha kijani kinapepesa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mlango wa chumba cha wifi umefungwa. Nyuma ya mlango, kimya.

Nilisimama pale nikiutazama mlango. Ukafunguka. Wifi akanitazama, nikamtazama.

"Kuna tatizo?" akauliza.

"Hapana, wifi. Kuna tatizo kwako?"

"Hapana."

Akafunga.

Jumatano, 26 Machi

Nimegandisha kebo ukutani kwa utepe wa gundi kutoka sebuleni mpaka stoo, hatua kumi na tisa. Ufagio haupiti tena chini yake. Wifi ametazama ile gundi. Alikula ugali wake akaosha sahani yake moja.

Jumatatu, 31 Machi

Wiki ile moja imekuwa tatu. Fundi wa mabati anasema hapandi juu ya paa bichi.

Mume wangu yuko kwenye daraja lililokatika. Nimemwambia kwenye simu kwamba dada yake anagusa kebo. Akacheka, halafu akaona kwamba mimi sicheki.

"Dada agombane na waya?" alisema. "Ana shida gani nao?"

"Muulize mwenyewe."

"Mimi simwulizi dada yangu kitu kama hicho. Na wewe usimwulize."

Basi, hatuulizi. Tunapishana koridoni kama magari mawili kwenye njia nyembamba, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi kubwa kupita inavyohitajika.

Jumanne, 8 Aprili

Kwa bahati, tangu ile mara ya kwanza haijanikuta kwenye kikao. Leo nimemwomba msimamizi asinipe vikao kati ya saa saba na nusu na saa nane na nusu. Amekubali kwa wiki hii tu. "Hospitali hazina saa ya kupumzika," alisema, na ana haki.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nguo haziwi kavu. Nimemnunia mtu ambaye jana alinishonea pindo la shuka langu la kijivu bila kuambiwa. Sijui nimweke wapi moyoni.

Jumanne, 15 Aprili

Nataka niandike yote kabla hayajajipanga kwa namna ya kunipendeza.

Kikao kilianza saa saba na dakika ishirini. Hospitali ya mbali, chumba cha wazazi. Mwanamke kijana, kiziwi tangu kuzaliwa, mimba yake ya kwanza, uchungu tangu jana. Alikuwa peke yake. Mume alikuwa nje, hawakumruhusu. Alikuwa na alama nzuri, za haraka, na hata katikati ya maumivu alinitania. Alinionyesha kwamba daktari ana masikio makubwa na bado hasikii anachoambiwa. Nilicheka. Daktari akaniuliza nacheka nini, nikasema ni mambo ya wanawake.

Kisha mkunga akaleta karatasi, na uso wa daktari ukabadilika. Akamwinamia yule mwanamke. Mimi nikaanza.

"Mtoto amechoka," daktari alisema. Nikaonyesha: mtoto, amechoka.

"Moyo wake unapungua mwendo." Nikaonyesha: moyo, polepole, polepole zaidi.

Yule mwanamke akaacha kuitazama skrini kama mtu anayetazama skrini. Akanitazama mimi. Daktari akafungua mdomo kuendelea, na picha ikaganda.

Saa nane kasoro dakika kumi na nne.

Aliganda akiwa ananitazama. Macho yake kwangu, mikono yake hewani, imeanza swali ambalo nililijua kabla hajalimaliza. Mimi niliendelea kuonyesha: ngoja, ngoja, nipo. Niliionyesha picha iliyoganda, kama kichaa. Nilizima, nikawasha. Nilichomoa kebo nikaichomeka. Nilikimbia sebuleni nikazima ruta yenyewe, na nilipopita mlangoni pa wifi nilisikia sauti yake ikisema, "Ameniona? Haloo? Ameniona?" Nikajua ameshika simu yake, anajifurahisha na mazungumzo huku mwenzake ananyongwa na mtandao. Nilipiga mlango wake kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Sijawahi kupiga mlango wa mtu hivyo. Sikungoja ufunguke.

Dakika kumi na moja. Laini iliporudi, chumba kile kilikuwa kitupu, kitanda hakipo, na mfanyakazi wa usafi alikuwa anapiga deki. Sikuwa na wa kumwuliza. Yule mwanamke alipelekwa kupasuliwa akijua kwamba moyo wa mtoto wake unapungua mwendo, na hakuna aliyemweleza sentensi iliyofuata.

Jioni wifi hakula.

Jumatano, 16 Aprili

Msimamizi amepiga asubuhi. Jambo la kwanza alilosema, kabla ya salamu, ni hili: mama mzima, mtoto mzima, wa kike, kilo tatu na kidogo. Sentensi ya daktari niliyoikosa ilikuwa, "Tutamtoa sasa hivi, na tumewahi." Nilikaa chini koridoni nikalia kwa raha, mgongo ukutani.

Kisha akasema la pili. Hii ni mara ya pili. Ya tatu hatakuwa na la kufanya.

Nimempigia Bwana Waya. Alikuja mchana akapima kebo: taa nane, zote nane. Alipima tena. Akakuna kichwa akaondoka, na baadaye akanitumia ujumbe, kwa kuwa kwa maandishi yeye ni mwepesi zaidi. Alikuwa na wazo kwamba kompyuta inatumia njia mbili kwa pamoja, ya kebo na ya hewani, na zinagombana. Nimenakili ushauri wake kwa herufi kubwa nikaubandika ukutani juu ya skrini ili nisisahau kila nikiiwasha:

TOA WIFI KABISA. IKIBAKI ITAVURUGA KAZI.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimetoa. Nimejaribu na msimamizi. Imekatika saa nane kasorobo.

Ijumaa, 18 Aprili

Msimamizi amenipa mapumziko mpaka Jumatatu. Wifi amefagia nyumba nzima leo, mpaka stoo. Ameniamkia, nimemwitikia. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo ni ndefu.

Niliamka nikasikia zipu. Zipu ndefu ya sanduku kubwa. Nikatoka, nikamkuta wifi ameketi kitandani amevaa nguo za safari, masanduku mawili yamefungwa, mashine ya kushonea imefunikwa kanga. Nje mvua ya kumwaga.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Kwangu."

"Kwako hakuna paa."

"Upande wa jikoni lipo."

Nilisema asubiri mdogo wake, anafika mchana. Akasema hataki mdogo wake amkute. Nikauliza kuna nini. Alilaza kitambaa mapajani, akikinyoosha kingo kwa kingo.

"Mimi nimefundisha watoto kusoma miaka ishirini na sita," alisema. "Na mimi pia najua kusoma."

Sikuelewa.

"Yale uliyobandika ukutani. Toa wifi kabisa. Nimeyakuta nikifagia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungeniambia kwa mdomo. Nisingekataa. Lakini kuandikiana hivyo? Na hata ubinadamu mmeninyang'anya. 'Ikibaki itavuruga.' Ikibaki! Kama meza."

Nilisimama pale. Kicheko kikaanza kunipanda, na nilijua kwamba nikicheka sasa hivi nimemaliza undugu, lakini hakikuzuilika. Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango. Yeye ananitazama.

"Wifi," nikasema nilipopata pumzi, "ni waifai. Ni waifai ya kompyuta. Fundi anaandika hivyo. Ndiyo maana ni 'ikibaki'."

Nikamletea simu yangu, nikamwonyesha ujumbe wa Bwana Waya wote, na njia mbili zinazogombana. Aliusoma taratibu, akifuata kwa kidole, kama anavyowafundisha wanafunzi wake wadogo. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kona moja ya mdomo ikamcheza.

"Angeandika kama mtu aliyesoma," alisema.

"Angeandika."

Hakufungua sanduku lakini. "Na mlango wangu?" akauliza. "Ule ulioupiga?"

Hapo kicheko kikanikauka. Nikakaa kando yake, nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia kuhusu yule mwanamke na moyo wa mtoto. Nikamwambia kwamba kila siku akirudi yeye, mimi nakatika, kwamba nimemdhania, kwamba gundi ile ya ukutani niliibandika kwa ajili ya ufagio wake. Sikupamba.

Alinisikiliza akiwa amenikazia macho. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mimi nilidhani ni wewe unayenikata."

Binti yake amejifungua mwezi wa pili, nchi ya mbali, mbali ya ndege mbili. Hilo nilikuwa najua, nilimpa hongera. Nisilolijua ni kwamba saa nane kasorobo mchana kwetu ndio wakati mtoto anaamka kule, ameshiba na macho wazi. Kwetu jioni, kule amelala. Kila siku wifi anarudi mbio kutoka shuleni, anafagia kidogo ili moyo utulie, anaingia chumbani, anafunga mlango ili asinisumbue kazini, anapiga. Na kila siku picha inatokea, mtoto anageuza kichwa, na inakatika. Siku niliyomsikia akiuliza "Ameniona?" alikuwa anauliza juu ya mjukuu wake wa kwanza.

"Ukizima lile dude lako jioni, naona simu yangu inafanya kazi," alisema. "Nikasema, haya, mwenye nyumba hataki nitumie vyake. Atakuwa anafunga makusudi ili nichoke niondoke."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe kwa nini hukuniambia?"

Baada ya hapo ndipo akili ilianza kufanya kazi, yangu na yake pamoja. Akiingia yeye, natoka mimi. Nikiwa ndani mimi, anasukumwa yeye. Nikiwa nimezima, yuko salama. Wifi ndiye aliyelisema, kwa kuwa kazi yake ni watoto thelathini na mbili kwenye chumba kimoja.

"Ni kama watoto wawili wamepewa kiti kimoja," alisema. "Kila mmoja ana haki nacho, kwa hiyo wanasukumana mpaka wote wanaanguka. Mwalimu ndiye kakosea kugawa."

Tukaenda stoo. Niliwasha kompyuta, nikafungua mipangilio ya mtandao, pale zinapoonekana zile namba ndefu zenye nukta ambazo ruta inakipa kila kifaa kama namba ya nyumba. Yangu iliishia na mia moja na tano. Wifi akafungua mipangilio ya simu yake, akaisogeza simu mbali na macho ili asome.

"Mia moja na tano," akasoma.

Nikamwomba aisome tena. Akaisoma yote, tarakimu kwa tarakimu, mimi nikifuata kwa kidole kwenye skrini yangu. Hata moja haikutofautiana.

Nikampigia Bwana Waya. Nilipomweleza, akatoa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. Ruta hugawa namba yenyewe, alisema, na haimpi mtu namba iliyo na mwenyewe. Lakini kompyuta yangu haikuomba namba. Mume wangu alipohamisha kila kitu kama kilivyokuwa, alihamisha pia namba ya kudumu ambayo ile kompyuta ya zamani ilipewa miaka hiyo. Usiku ule wifi alipofika, kompyuta imezimwa, ruta ikaona mia moja na tano haina mtu, ikampa mgeni. Tangu hapo tulikuwa wawili kwenye nyumba moja, na ruta haijui barua ni ya nani.

"Kebo haina kosa hata kidogo," alimalizia. "Fungua hapo palipoandikwa namba, chagua ijitafutie yenyewe. Basi."

Nilibonyeza mara mbili. Skrini ikafikiri. Namba ikabadilika: mia moja na nane.

Wifi akapiga kule kule stoo, amesimama nyuma yangu, na mimi nikafungua video ya msimamizi ya mazoezi. Saa nane kasoro dakika kumi na sita mtoto akatokea kwenye simu, kofia ya sufu imemshuka kwenye nyusi. Nane kasorobo. Nane kasoro kumi. Nane kamili. Hatukuwa tunapumua. Saa nane na dakika tano binti yake akauliza kwa nini tumekaa kimya hivyo, kuna msiba?

Mume wangu alifika saa tisa, amelowa mpaka soksi. Akakuta masanduku mlangoni na sisi wawili jikoni tunakula kutoka sahani moja.

"Nani anasafiri?" akauliza.

"Wewe," wifi akamjibu. "Wewe na namba zako."

Jumatatu, 21 Aprili

Vikao sita. Havikukatika.

Jumanne, 22 Aprili

Havikukatika. Nimebandua gundi ukutani. Imeondoka na rangi. Mume wangu atapaka.

Jumatano, 30 Aprili

Wifi ameniuliza lugha ya alama ina neno gani la "kojoa kwanza ndipo ucheze". Kuna mtoto mgeni darasani kwake, wa kike, asiyesikia, na mama yake alikuwa amekata tamaa kwamba kuna shule itakayompokea. Wifi amempokea bila kuuliza mtu. Nimemfundisha alama kumi na mbili. Vidole vyake vya kushona vinashika haraka.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua inapungua. Fundi wa mabati amepanda juu ya paa, hatimaye. Wifi hakuonekana kufurahi sana. Wala mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Leo mchana msimamizi amenitumia mkataba. Mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa. Nilitaka kuusoma, lakini kengele ya kikao ikalia, nikauacha wazi nikaingia.

Alikuwa bibi mmoja mwembamba, kilemba cheupe, kiziwi wa siku nyingi. Alama zake zilikuwa za zamani, nyingine sijaziona tangu utotoni kwa rafiki za kaka yangu. Alikuwa amekuja kuchukua majibu ya uvimbe wa titi. Alisubiri wiki tatu, na alikuja na mfuko wa nguo, tayari kulazwa. Daktari, binti mdogo, alimtazama usoni badala ya kunitazama mimi, jambo ambalo wengi hulisahau.

"Si saratani," alisema. "Ni maji tu yaliyojikusanya. Hatutakukata."

Nikaonyesha. Bibi hakusogea. Kisha akainua mkono mmoja akaniomba nirudie.

Nikarudia, polepole zaidi. Saratani, hapana. Maji, tu. Kukatwa, hapana. Akafumba macho, akafumbua, akaniomba tena. Daktari aliangalia saa ya ukutani, halafu akaacha kuiangalia. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na nne. Nyuma ya ukuta wangu wifi, ambaye bado hajahama, alikuwa anamwimbia mjukuu wake kuhusu sungura, kwa sauti ya juu, na mtoto anapiga kelele za furaha kutoka mbali ya ndege mbili. Picha ya bibi haikutikisika.

Akaomba mara ya tatu. Safari hii hakuwa haelewi; uso wake ulikuwa umeshalegea na machozi yameshafika kwenye kidevu. Alitaka tu kuyaona yale maneno tena. Nikajiweka sawa kitini, nikainua mikono, nikaanza tangu mwanzo.